Goma: Kiangazi kinapoisha, bustani ya nyumbani inahesabiwa kwa bidoni

Mjini Goma, mkoani Kivu Kaskazini, wiki za mwisho za kiangazi ndizo ngumu kupita zote kwa mtu mwenye bustani nyumbani. Mvua ya kweli imepotea tangu katikati ya mwezi wa sita. Vumbi jeusi la volkano limekaa juu ya majani, juu ya mabati na juu ya nguo zilizoanikwa. Udongo, ambao katika mitaa mingi hauzidi kina cha kiganja kimoja juu ya jiwe, umekauka mpaka chini. Na maji ambayo mboga inangoja ndiyo yale yale yanayongojwa na sufuria, na watoto wa kuogesha, na nguo za kufua.

Hapo ndipo familia nyingi zinaacha. Lengalenga inakauka ikiwa imesimama, kuku wanaingia ndani ya tuta, gunia lililokuwa na mboga linageuka kuwa mahali pa kuweka viatu vikauke. Mvua ikirudi katikati ya mwezi wa tisa, kazi inaanza upya: mbegu ya kununua, miche ya kutafuta, na wiki nyingi za kungoja. Jirani yao, mwenye kiwanja kidogo vile vile na maji machache vile vile, amefaulu kuvusha sehemu ya bustani yake hadi mvua. Tofauti kati ya hao wawili haionekani mwezi wa nane. Inaonekana kwenye sufuria mwezi wa tisa na wa kumi.

Miezi hiyo miwili si ya kuchezea. Masomo yanaanza mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa ya bure tangu mwaka 2019, lakini madaftari, viatu, begi na unifomu havikutangazwa kuwa vya bure, na mwenye mtoto wa sekondari bado analipa. Pesa yote ya nyumba inakwenda huko. Tangu mji uingie mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zikafungwa na uwanja wa ndege ukafungwa, pesa yenyewe imekuwa kitu cha kutafuta kwa taa. Katika hali hiyo mama anayeweza kutoka mlangoni na kukata fungu la matembele bila kutoa franka hata moja amepunguza kitu cha kweli kwenye matumizi ya siku.

Soko la Goma halilishwi na Goma. Shu, karoti na puwaro vinashuka kutoka Kibumba, viazi na maharagi kutoka Masisi na Rutshuru, muhogo na mboga nyingine kutoka Minova, vingine vinavuka ziwa kutoka Idjwi, na vingine vinapita kwenye Petite Barrière kutoka Rubavu, upande wa Rwanda, kichwani mwa akina mama. Barabara moja ikifungwa wiki moja, au mvua ikichelewa huko juu, fungu la mboga linakuwa dogo na bei yake inabaki pale pale. Wauzaji wengi wanafanya hivyo badala ya kupandisha bei, kwa sababu mteja anachukia bei mpya kuliko fungu dogo.

Udongo unaohama na mpangaji

Anayetoka Bukavu au Uvira na kuona bustani ya Goma kwa mara ya kwanza anashangaa. Jembe karibu halina kazi. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilitapika moto uliopita katikati ya mji hadi ndani ya Ziwa Kivu, na juu ya jiwe hilo watu walijenga tena nyumba zao. Tarehe 22 Mei 2021 moto ulirudi, ukasimama Buhene, kwenye mlango wa kaskazini wa mji. Mahali ambapo moto ulipita zamani sana, kama upande wa Mugunga na Lac Vert, mimea imeshatengeneza udongo kidogo kati ya mawe. Penye jiwe jipya hakuna kitu, kwa hiyo udongo unaletwa: kwa gunia, kwa chukudu, kwa gari kwa mwenye uwezo. Watu wanapanga mawe ya volkano kuzunguka eneo dogo, wanajaza udongo ndani, na hapo ndipo bustani inapoanzia.

Kwa sababu hiyo, mali ya kwanza ya bustani ya Goma ni udongo wenyewe, kabla ya mbegu na kabla ya maji. Unanunuliwa, unabebwa, na mtu hapendi kuuacha nyuma. Mpangaji anayejua kwamba mwenye nyumba anaweza kumwambia atoke mwisho wa mwezi hawezi kumwaga udongo wake ndani ya ukuta wa mawe wa mtu mwingine. Anapanda ndani ya magunia na beseni zilizopasuka. Siku ya kuhama, magunia hayo yanapanda juu ya mkokoteni pamoja na kitanda na sufuria. Bustani za gunia zilifundishwa sana katika kambi za wahami kuzunguka mji, na wengi waliojifunza huko wameendelea nazo mitaani.

Gunia la makala linafaa sana. Linawekwa mawe madogo katikati, kutoka chini hadi juu, kama nguzo, na udongo uliochanganywa na mbolea unajazwa pembeni. Maji yanamwagwa juu ya mawe, yanashuka na kusambaa pande zote badala ya kukimbia juu na kutoka nje. (Kwa mawe, Goma haina shida.) Kisha matundu yanatobolewa ubavuni na miche inaingizwa humo, hivyo gunia moja linabeba mboga juu na pembeni.

Kiangazi kinaonyesha udhaifu wa gunia. Linapigwa jua pande zote, na likiegemezwa kwenye ukuta wa mawe meusi au wa mbao upande wa machweo, linachomwa mara mbili: mchana na jua, jioni na ukuta unaotoa joto ulilokula siku nzima. Mkono uliowekwa kwenye jiwe jeusi saa nane ya mchana unaelewa jambo hilo haraka. Magunia yanayovuka kiangazi vizuri ni yale yaliyosogezwa upande wa mashariki wa nyumba, yakapata jua la asubuhi na kivuli baada ya saa saba, na yakasimamishwa karibu karibu ili moja limkinge mwenzake.

Bidoni moja kwa tuta moja

Hesabu ya maji ni rahisi, na afadhali kuifanya kabla ya kupanda kitu chochote. Milimita moja ya mvua ni litre moja ya maji juu ya mita moja ya mraba. Wakati wa kiangazi, katika hali ya hewa kama ya Goma, mboga ya majani iliyokomaa inatumia karibu milimita 4 kwa siku. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 linahitaji basi karibu litre 20 kila siku, yaani bidoni moja ya njano.

Upande wa pili, kipimo cha chini kabisa ambacho mashirika ya msaada yanafuata ni litre 15 kwa mtu mmoja kwa siku, kwa kunywa, kupika na usafi. Familia ya watu saba inahitaji bidoni tano na zaidi kidogo, na mjini hapa ziko nyumba nyingi ambazo hazifikishi hata hizo. Robine ya Regideso inaweza kukaa siku kadhaa bila kutoa tone, na hapo maji yanatoka ziwani, mgongoni mwa mtu au juu ya baiskeli, au yananunuliwa. Matuta matatu yanayomwagiliwa maji safi ni bidoni tatu kila siku. Hakuna mama atakayekubali hilo mwezi mzima, na hana sababu ya kukubali.

Bustani inayovuka kiangazi inavuka kwa maji yaliyokwisha kutumika. Maji ya kuoshea mchele, maharagi na mboga hayana tatizo lolote. Maji ya kusuuzia vyombo ni mazuri pia, yakiwa na sabuni kidogo ya mche. Maji ya kwanza ya kufulia, yale mazito ya poda, yana chumvi nyingi na yanachosha udongo. Ya kusuuza mara ya pili yanafaa. Yaliyotiwa javel yasifike kabisa. Na maji yote ya namna hii yanamwagwa chini, kwenye shina, hayarushwi juu ya majani, hasa kama ni mboga itakayoliwa bila kupikwa. Kipindupindu kinajulikana Goma, na mboga za kuliwa mbichi zinaoshwa kwa maji yaliyotiwa dawa au yaliyochemshwa, hata zikitoka uani kwako.

Katika nyumba nyingi amri inatolewa kwa watoto kila jioni: “Usimwange ayo mayi, peleka ku matembele.” Mahali pa kuoshea vyombo panakuwa mahali pa kwanza pa bustani, na wenye akili wamehamisha tuta likafuata maji badala ya kuhamisha maji yafuate tuta.

Vitabu vingi vya kilimo vinashauri kumwagilia maji mengi kwa mara chache, ili mizizi ishuke chini. Ushauri huo ni mzuri kwa udongo mrefu wa Masisi. Juu ya jiwe la Goma haufai. Udongo wa kina cha kiganja hauwezi kushika bidoni nzima kwa mara moja. Nusu yake inapita kwenye nyufa za jiwe na kupotea, na mwenye bustani haioni ikipotea. Hapa ni afadhali kiasi hicho hicho kigawanywe mara mbili, nusu kabla jua halijapanda na nusu linapozama. Mchana si saa ya kumwagilia.

Lakini kitu kinachookoa maji kuliko vyote ni kufunika udongo. Maganda ya maharagi, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, majani makavu ya migomba, nyasi zilizokatwa kabla hazijatoa mbegu: chochote kati ya hivyo, unene wa vidole vitatu au vinne, kinazuia jua lisiguse udongo. Ukiinua maganda saa sita ya mchana na kuweka kidole, chini bado kuna unyevu. Pembeni, palipo wazi, ni vumbi. Wanaopinga wanasema kufunika kunaleta wadudu na kuku. Kwa kuku wana haki. Kuku mmoja anaharibu kazi ya wiki nzima kwa robo saa, na dawa yake ni miiba au kipande cha wavu.

Kivuli nacho kinasaidia, hasa kwa miche. Vijiti vinne na majani ya mgomba juu yake vinatosha. Wengi wanatumia chandarua cha zamani. Kama kimeshatoboka hakuna neno. Chandarua kizima kina kazi yake juu ya kitanda cha mtoto.

Unga mweupe juu ya gunia

Kuna jambo la Goma ambalo wakulima wanaotoka mbali hawalijui. Maji ya Ziwa Kivu, ambayo ndiyo pia yanayopampiwa mjini, si matamu kama maji ya chemchemi. Yana madini mengi yaliyoyeyuka, na uchungu wa magadi: pH yake juu ya ziwa inazunguka 9. Mvua ikinyesha, madini hayo yanaoshwa na hakuna anayeyaona. Wakati wa kiangazi, gunia linalopewa maji ya ziwa kidogo kidogo kila siku linakunywa maji na kubakiza madini. Baada ya wiki kadhaa unga mweupe unatokea juu ya udongo na kwenye ubavu wa gunia. Maharagi ndiyo yanayolalamika kwanza: kingo za majani zinakauka kama zimechomwa, na mtu anafikiri ni ukosefu wa maji, anaongeza maji yale yale.

Dawa ni kupangusa ule unga na kuutupa nje, kuchanganya mbolea iliyooza vizuri ndani ya udongo, na kuhakikisha gunia lina tundu la kutolea maji chini. Na hapa jivu linahitaji kiasi. Katika mji unaopika kwa makala, jivu ni jingi na watu wanalimwaga bustanini kila siku kwa imani kwamba ni mbolea. Ni kweli lina potasiamu. Lakini jivu nalo ni magadi, na juu ya udongo uliokwisha kunywa maji ya ziwa miezi mitatu, kopo moja baada ya jingine linaongeza ugonjwa. Kidogo kwenye majani dhidi ya vidukari, sawa. Ndoo nzima ipelekwe mahali pengine.

Ni zipi za kuacha zife

Kuvusha kila kitu haiwezekani. Anayejaribu anapoteza vyote. Katikati ya mwezi wa saba, au mwezi wa nane ukianza, inabidi kuchagua, na kwa kweli uchaguzi huu ndio unaowashinda watu, kwa sababu unataka kung'oa kitu ambacho bado ni kijani.

Nyanya iliyoanza kuzeeka, yenye utitiri mwekundu chini ya majani, haistahili bidoni. Shu iliyopandwa kwa kuchelewa, ambayo haijafunga kichwa, inakunywa sana na kuvuta viwavi vya mtaa mzima. Ni bora majani yake yaliwe sasa. Lengalenga inakomaa ndani ya wiki tatu au nne, basi haina maana kuihurumia: inavunwa, na maji yake yanapewa mwingine. Lakini mashina mawili au matatu yaliyo mazuri kuliko yote yanaachwa yatoe maua. Kiangazi ni wakati mzuri sana wa mbegu kuliko wakati wowote wa mwaka, maana zinakauka bila kuota kuvu. Zinapukutwa, zinamaliziwa kivulini, zinatiwa ndani ya chupa kavu yenye kifuniko. Mbegu za lengalenga ni ndogo sana. Shina moja linatosha mtu na majirani zake.

Kinachostahili kuokolewa kwa gharama yoyote ni matembele. Si kwa ajili ya majani yake tu. Kila mwaka, mvua zinapoanza, watu wengi wanatafuta marando ya viazi vitamu ya kupanda na hawayapati, kwa sababu yamekauka yote wakati wa kiangazi. Huko vijijini wakulima wanayahifadhi mabondeni penye unyevu. Goma haina mabonde, lakini mita moja ya mraba pale pa kuoshea vyombo inatosha. Marando kumi yaliyovuka yakiwa hai mwezi wa tisa yanakatwa vipande, na kila kipande ni mmea mpya. Baada ya wiki tano au sita majani yanaanza kuvunwa. Familia yenye marando yake imevuka. Nyingine inaomba au inanunua.

Sombe haihitaji huruma sana. Mti wa muhogo uliokwisha shika mizizi kwenye ufa wa jiwe unapoteza majani, unanyamaza, unangoja. Usiuchume mpaka ubaki fimbo tupu, basi. Pilipili na biringanya zinaweza kukatwa matawi nusu, zikapewa maji kidogo, na zikachipuka upya mvua ikija; mmea wa namna hii una mizizi tayari, unazaa mapema kuliko mche mpya.

Lundo la mbolea nalo linataka maji, na hilo wengi wanalisahau. Juu ya jiwe huwezi kuchimba shimo, kwa hiyo maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya mboga, mavi ya sungura, ya simbiliki au ya mbuzi yanalundikwa ndani ya ukuta mdogo wa mawe na kufunikwa. Likikauka kabisa, uozo unasimama. Linabaki takataka kavu mpaka mvua, na mvua inakuja ikikuta mbolea haiko tayari. Nusu ndoo ya maji ya vyombo mara mbili kwa wiki, na kuligeuza kila baada ya wiki mbili, vinatosha kulifanya liwe jeusi na laini kufikia mwezi wa tisa. Mifuko ya plastiki na betri za redio zinatolewa mapema, maana zikishachanganyika hakuna atakayezitafuta.

Kitalu cha mwezi wa nane

Kitalu, au pepinyeri kama wengi wanavyosema, ndiyo siri ya wanaokula mapema. Eneo la kupitishia miche ya familia nzima ni beseni moja. Linakunywa kikombe cha maji asubuhi na kikombe jioni. Shu inakaa kitaluni wiki nne hadi sita, nyanya karibu wiki nne, vitunguu na puwaro wiki nane hivi. Anayesia puwaro mwishoni mwa mwezi wa saba na shu katikati ya mwezi wa nane, chini ya kivuli cha majani ya mgomba, ana miche iliyo tayari wakati udongo unapolowa. Anayengoja mvua ndipo asie amejiongezea mwezi mzima wa kununua.

Wiki ya mwisho kabla ya kuhamisha, kivuli kinaondolewa kidogo kidogo ili miche izoee jua, na maji yanapunguzwa. Mche uliolelewa kwa huruma mpaka siku ya mwisho unaanguka siku ya kwanza nje.

Mvua inaposema uongo

Mwezi wa tisa unaleta mawingu, ngurumo, na mara nyingi mvua moja nzito inayofuatwa na jua kali la wiki nzima. Mtaa mzima unatoka na mbegu. Kule Masisi, ambako udongo ni mrefu, mvua ya namna hiyo inaweza kukaa ardhini siku kadhaa. Mjini inashuka kwenye nyufa na kesho kutwa ni vumbi tena. Mbegu za maharagi zimeshavimba, zinaoza au zinakauka, na mbegu hizo zilikuwa chakula.

Kipimo ni kidole. Udongo uchimbwe hadi kwenye jiwe siku mbili baada ya mvua. Ukikuta unyevu hadi chini, na mvua ya pili imeshanyesha, panda. Kama sivyo, ngoja, au panda kile tu ambacho una maji ya kukitunza. Marando ya matembele yanavumilia; maharagi hayavumilii. Msimu A wa kilimo katika Kivu unafunguka mwezi wa tisa, lakini tarehe ya kwenye kalenda haijawahi kulowesha udongo.

Mvua ya kwanza ina shida nyingine. Imeosha mabati yenye vumbi la miezi mitatu, kinyesi cha ndege na jivu. Na Goma iko chini ya milima miwili inayotoa moshi, Nyiragongo na Nyamulagira. Moshi huo ukiwa mwingi, mvua inayopita ndani yake inashuka ikiwa na asidi na floridi. Upande wa Rusayo na Masisi wakulima wanajua majani yanayotoka madoa ya kuungua baada ya mvua. Maji ya dakika za mwanzo kutoka kwenye paa yaachwe yapite, yasiingie kwenye tanki, wala yasielekezwe kwenye kitalu. Baada ya bati kuoshwa, maji yanayofuata ni dhahabu kwa magunia yale yenye unga mweupe: yawekwe wazi chini ya mvua, yaoshwe mpaka maji yatoke chini.

Kisha adui wanabadilika. Utitiri na vidukari vya kiangazi vinapungua, konokono wanatoka kwenye mawe. Usiku wanakula mche mpaka shina. Ubao uliolowa unaowekwa chini kati ya matuta unawakusanya, na asubuhi unageuzwa. Kuku, ambao kiangazi chote walifukuzwa, sasa wanaitwa. Miche ya kitaluni iliyosongamana inaanguka kwa kuoza shingo, hivyo inapunguzwa na kumwagiliwa asubuhi tu. Nyanya na viazi vinapata mildiu siku za mvua na baridi. Majani ya chini yanayogusa udongo yanakatwa, mmea unafungwa kwenye kijiti upate hewa. Yale maganda ya kufunika udongo hayatupwi. Yanasogezwa mbali na shina kwa upana wa mkono, yanazuia mvua kubwa isipige udongo na kuukimbiza barabarani, maana katika mji wenye udongo wa kununua, mtaro wenye maji meusi baada ya mvua umebeba pesa ya mtu.

Kufikia katikati ya mwezi wa kumi, lengalenga iliyosiwa kwa mbegu za chupa inakatwa, na baada yake matembele. Shu ya kitalu cha mwezi wa nane inafunga kichwa kuelekea mwezi wa kumi na mbili, karibu na Noeli. Maharagi yaliyopandwa baada ya mvua ya pili yanavunwa wakati huo huo. Mwezi wa kwanza na wa pili kuna kiangazi kingine kifupi, na ndani ya magunia kinaweza kuumiza kama kile kirefu. Maganda ya maharagi ya Noeli yawekwe mahali pakavu, yasitupwe wala yasichomwe.